Nilivyodanganya Uzito wa Baiskeli

Sikieni, naona aibu hata kuanza, lakini naanza mwenyewe kabla hamjasimuliwa na vijana wa bodaboda wa Nangara, maana wale wakisimulia wanaongeza chumvi, wanasema nililia, na mimi sikulia (macho yalitoa maji kwa sababu ya vumbi, na vumbi la Babati mnalijua wenyewe). Mtu mzima, mzee wa kanisa, baba wa binti aliyesoma, nimeshikwa kola ya shati mbele ya watu waliokuwa wanaenda mnadani huku juu ya gari langu kinalia king'ora, na mtu ananiuliza, "Mzee, hizi umeziiba wapi?" Na yote yalianza na swali dogo la dukani ambalo nililijibu kwa uongo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Sikuzaliwa hivyo, ila kuna Jumapili waliniibia saiti mira zote mbili za gari nikiwa ndani ya ibada, tumefumba macho tunaomba, na tangu siku hiyo nikiomba huwa naacha jicho moja wazi. Mke wangu, Mama Glory, husema siku nikifa nitaamka kwenye jeneza nihakikishe hakuna aliyeiba misumari. Anasema kwa utani, lakini anasema mara nyingi mno.

Sasa Glory, mwanetu wa kwanza, aliacha kazi ya hoteli Arusha akarudi nyumbani, akasema anataka kuwatembeza wageni kwa baiskeli za umeme, zile ambazo ukipanda mlima zinakusukuma zenyewe. Mimi nilidhani ni masihara mpaka nilipoona baiskeli mbili zimeshushwa uani, nyeusi, tairi nene, betri imelala kwenye fremu. Jinsi mtoto alivyojibana kuzipata, we acha tu. Wageni wake wa kwanza kabisa walikuwa mtu na mkewe kutoka Dar es Salaam, wastaafu, magoti yameshachoka lakini bado wanataka kuona milima, na Glory akatangulia nao Dareda siku ya Ijumaa wakalale huko, mimi niwapelekee baiskeli Jumamosi asubuhi na mapema kabla jua halijawaka.

Kabla hajaondoka alinishika mkono. "Baba, hawa wakifurahi wataniletea wengine. Wakichoka kunisubiri ndiyo basi tena, narudi kuajiriwa. Nenda kwa Baba Zuhura ana keria za kila namna, mweleze ukweli baiskeli zilivyo, akuchagulie."

(Mtauliza kwa nini nisiziingize tu ndani ya Noah yangu. Ndani kulikuwa na maji ya kunywa, majiko, vyombo, mikeka na mikungu miwili ya ndizi ambayo Mama Glory alisema wageni hawawezi kuikosa. Hata mimi dereva nilikaa kwa kubanwa.)

Baba Zuhura ni jirani yetu hapa Bagara, ana duka la spea na vikorokoro vya magari. Babu yake alitoka pwani zamani akafanya biashara hapa mjini, na wao wamerithi duka pamoja na upole, na mimi huo upole wake ulikuwa unanipa shida, maana nilikuwa najiuliza mtu anatabasamu hivi tangu asubuhi mpaka jioni ana nini moyoni. Nikamkuta, tukasalimiana, nikamwambia nataka keria ya kubebea baiskeli mbili.

Akanionyesha aina mbili. Moja ni ya juu, inakaa kwenye paa la gari, ina mifereji miwili ya kushikilia tairi. Nyingine ni ya nyuma, inaning'inia chini karibu na bampa, inashikwa na kile chuma cha kuvutia trela, na akasema akinipa hiyo atanifungia na chuma chenyewe. Halafu akaanza kuuliza, na hapo ndipo nywele ziliponisimama.

"Baiskeli zenyewe za kawaida au za umeme?"

Nikajiuliza, huyu amejuaje habari za umeme?

"Zina kilo ngapi? Betri zinatoka, au zimeshikana na fremu? Na sasa hivi ziko wapi, nipite nikazipime upana wa tairi? Unaondoka saa ngapi kesho, nije nikusaidie kufunga?"

Jamani! Hebu jiwekeni mahali pangu. Mtu anataka kujua kitu ni cha thamani kiasi gani, kinabebeka kwa mikono mingapi, kile cha bei mbaya kinachomoka au hakichomoki, kimelazwa wapi, na mwenye nyumba anatoka saa ngapi. Mwizi angeuliza swali gani zaidi ya hayo? Nikajisemea kikulacho ki nguoni mwako, nikavuta kiti nikakaa vizuri, nikadanganya.

"Za kawaida tu, Baba Zuhura. Za watoto. Nyepesi, unainua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika chai."

"Ah, kama ni hivyo ya juu inakutosha," akasema. "Zingekuwa za umeme nisingekuruhusu, wallahi. Zile ni nzito, ningekupa hii ya nyuma, iko chini, hunyanyui mpaka kichwani, na betri unazitoa unaziweka ndani ya gari."

Mtu mwenye akili zake hapo angesema, samahani ndugu yangu, nimekumbuka, ni za umeme. Mimi niliposikia "ya nyuma" niliona picha moja tu, nimepunguza mwendo kwenye matuta, kijana amechomoka kwenye mahindi na mkasi wa kukatia chuma, mimi kwenye kioo naona vumbi tu. Juu ya paa nani atafika? Nikasema nataka ya juu. Akanisaidia kuifunga kwenye paa pale pale, akakataa hata kunitoza, akasema utairudisha ukimaliza. Bure! Tangu lini mwenye duka akakupa kitu bure? Nikarudi nyumbani nikiwa na uhakika sasa kwamba huyo bwana ana mpango.

Jumamosi alfajiri tukafunga geti, mimi na Mama Glory, tukaanza kupandisha. Nyepesi unainua kwa mkono mmoja! Mungu wangu, tuliweka meza, juu ya meza tukaweka stuli, baiskeli ya kwanza ikapanda kwa nguvu za Mungu, ya pili kiuno changu kikalia kama mlango usiotiwa mafuta na Mama Glory akasema, "Baba Glory, si uwaite vijana wa hapo jirani wakusaidie?" Nikamwambia nisije nikasikia neno hilo. Betri sikuzitoa, maana niliwaza betri iliyotolewa ni rahisi kubadilishwa na nyingine mbovu (nani angeibadilisha ndani ya gari ninaloendesha mwenyewe, msiniulize). Nikafunga mikanda, nikazungusha minyororo na makufuli, nikafunika zote kwa turubai la kuanikia mahindi. Halafu nikawasha alamu. Zile baiskeli zina alamu, ukizitikisa kidogo zinatoa mlio mdogo wa onyo, ukizitikisa sana zinalia hasa, na cha kuzizima ni rimoti tu.

Na rimoti nikaenda kuificha stoo, pamoja na funguo zote.

Msicheke kwanza. Niliwaza hivi: majambazi wakinisimamisha njiani wakanipekua, wakikuta funguo si wamemaliza kazi? Wasipozikuta watafanya nini? Niliona nimewaweza kweli kweli. Mama Glory sikumwambia nimezificha wapi, maana Mama Glory ana rafiki, na rafiki ana rafiki.

Nilipowasha gari alikuja dirishani, akaangalia turubai, tairi zimechungulia pembeni, akaniangalia mimi nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi. "Yaani mume wangu unatoka kwako mwenyewe kama mwizi," akasema. Nikamwambia afungue geti.

Sikupita barabara kubwa, nilijua huko ndiko wanakonisubiri. Nikapita njia za ndani. Kila kishimo, juu paap, paap, mlio mdogo wa onyo, nami nikawa naufurahia, naona ulinzi wangu unafanya kazi. Hivyo hivyo mpaka nikatokea Nangara kwenye tuta moja ambalo sikuliona kwa sababu nilikuwa naangalia nyuma.

Gari liliruka. Likatua. Kule juu nikasikia kitu kimekatika ka! halafu king'ora kikaanza, si kimoja, viwili, kimoja kinapanda kingine kinashuka, kelele ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye msafara wa mkubwa.

Sasa kwa bahati mbaya pale mbele ndipo kijiwe cha bodaboda, na wiki ile ile mwenzao mmoja alikuwa ameibiwa pikipiki, kwa hiyo mioyo ilikuwa inachemka. Na mnajua bodaboda wetu walivyo, ukimgusa mmoja umewagusa wote. Wakaona gari linatoka uchochoroni, dereva kajificha na kofia, juu kuna tairi zimefunikwa turubai zinalia alamu. Wakanipungia mkono nisimame. Mimi nikawaona, nikasema moyoni, haya, ndio wenyewe, wamefika.

Nikakanyaga mafuta.

"Mwizi! Mwizi huyoo!"

Niliposikia mwizi niligeuka kumtafuta (nawaambia ukweli wa Mungu, nilitaka nimwone), ndipo nikaona pikipiki zimejaa kwenye kioo na zote zinanikimbilia mimi. Nikaongeza mwendo, keria iliyokuwa imeshakatika mbele ikaanza kuteleza, baiskeli moja ikashuka taratibu kwenye kioo cha mbele mpaka usukani wake ukanitazama uso kwa uso, kioo kikapasuka, sioni tena njia, nikafunga breki. Nikasimama katikati ya watu waliokuwa wanaswaga mbuzi kwenda mnadani. Mbuzi wakatawanyika, watu wakajaa.

Mwenyekiti wa kijiwe, kijana mnene mwenye kizibao cha refleksa, akaja mlangoni. Kwa kuwa amelelewa vizuri, akaanza, "Shikamoo mzee."

"Marahaba," nikajibu.

"Toka nje, mwizi wewe!"

Ndipo kola ikashikwa. Naomba niseme bila kuficha, niliogopa. Nimekulia hapa hapa, najua neno hilo likishatamkwa mtu anaweza asirudi nyumbani. Na bado king'ora kinalia, inabidi kupiga kelele ndipo usikike.

"Baiskeli za nani?"

"Za binti yangu!"

"Zima alamu basi kama ni za binti yako."

"Rimoti nimeificha."

"Fungua makufuli."

"Funguo nimezificha."

"Turubai la nini?"

"Zisionekane."

"Ulikimbia nini?"

"Nyinyi. Nilidhani ni wezi."

Wakaangaliana. Hata mimi, nikijisikiliza, nilianza kujishuku. "Nani anajua kama hizi ni zako?" mwenyekiti akauliza, na hapo nikakwama kabisa, maana nilikuwa nimefanya kazi kubwa kuhakikisha hakuna anayejua. Glory nikampigia, hapatikani, kule walikolala mtandao ni wa kubahatisha. Mama Glory simu inaita haipokelewi. Ikabidi niseme, muulizeni Baba Zuhura wa duka la spea Bagara, yeye ndiye aliyeniazima keria. Mwenyekiti akampigia kwa simu yangu akaweka sauti kubwa, watu wote wakasogea.

"Baba Glory namfahamu sana," ikasema ile sauti ya upole. "Amebeba baiskeli mbili za watoto. Za kawaida, nyepesi tu."

Watu wote wakageuka kuangalia lile dude lililolala kwenye kioo cha gari langu, tairi nene, betri inamwekamweka taa nyekundu, na linalia. "Za watoto?" mama mmoja akauliza. "Watoto wa nani, wa tembo?" Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale pale. Wakapiga kelele, mtu akanipiga kofi la kisogoni, kofia ikaruka, na kwenye simu nikasikia Baba Zuhura anasema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, "Msimguse! Mmenisikia? Asiguswe mtu, nakuja!"

Alikuja na kigari chake mbio, kandambili miguuni, duka ameliacha wazi (duka wazi, jamani, siku ya mnada!). Akapenya watu. Akaziangalia baiskeli. Akaiangalia keria yake iliyopinda. Halafu akaniangalia mimi, na nikajua ameelewa yote, uzito, betri, chai ya mkono mmoja, kila kitu, na ameelewa pia ni kwa nini nilimdanganya. Natamani angenitukana.

"Huyu ni jirani yangu," akawaambia. "Ni mwoga wa kuibiwa, si mwizi. Kama baiskeli hizi ni za wizi nishikeni mimi, duka langu mnalijua."

"Lakini mzee wangu, si wewe umesema ni za watoto?" mwenyekiti akamuuliza.

Baba Zuhura akaigusa keria yake iliyopinda. "Labda nilimsikia vibaya," akasema. "Dukani kuna kelele."

Dukani kwake hakukuwa na kelele yoyote. Tulikuwa wawili tu. Hapo ndipo lile vumbi lilipoingia machoni.

Wakati huo huo Mama Glory akapiga simu, alikuwa bombani anachota maji. Ikabidi sasa nimwelekeze funguo zilipo, na kwa sababu ya king'ora ikabidi nipige kelele mbele ya watu wote, "Stoo! Gunia la mbegu, la ukutani! Ingiza mkono mpaka chini kabisa!" Kwa hiyo leo hii maficho yangu yanajulikana na mnada mzima pamoja na wenye mbuzi. Akaja kwa bodaboda, kanga imejaa pumba za mahindi, akashuka bila kunisalimia, akabonyeza rimoti. Kimya. Mbuzi mmoja akalia. Mama Glory akanikabidhi funguo mkononi akasema polepole, watu wote wakasikia, "Nilikuambia unatoka kama mwizi." Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na hicho kicheko ndicho kilichoniokoa.

Wale wale walionishika kola ndio walioshusha baiskeli, na Baba Zuhura akaziweka kwenye keria ya nyuma ya kigari chake, aina ile ile niliyoikataa, chini, bila meza wala stuli, wala kiuno cha mtu hakikulia. Gari langu lisingeweza kwenda popote na kioo kile. Mwenyekiti akanyoosha mkono akasema, acha funguo mzee, tutakusogezea kivulini. Nikamwangalia. Nikamwangalia Mama Glory. Nikampa mwenyekiti funguo za gari, na tukapanda barabara ya Dareda mimi nimekaa kiti cha nyuma, betri mbili nimezipakata kama watoto mapacha, Baba Zuhura akiendesha.

Tulipofika jua lilikuwa limeshakuwa kali. Glory alikuwa amesimama barabarani peke yake, na wale wageni wamekaa kibarazani wamevua kofia zao, na yule mama ameshavua hata viatu vya kutembelea. Walipanda baiskeli, ndiyo, lakini kwa kuzunguka karibu tu, milimani hawakwenda, mzee alisema joto limemzidi, wataona siku nyingine. Glory alitabasamu nao mpaka walipoondoka. Halafu akaja kwangu.

"Baba, Baba Zuhura hukumwamini. Mama hukumwambia. Mimi nilikuomba useme ukweli tu, hukunisikia. Sasa mimi nikuamini wapi?"

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kufanya, ningesema mimi ni baba yako.

Gari nililikuta kivulini kama walivyosema, vipande vya kioo vimefagiliwa, na ndizi zilizokuwa ndani zimekamilika (ndiyo, nilizihesabu, tabia haiondoki siku moja). Kioo nimebadilisha. Keria ya juu nilitaka kuilipa, Baba Zuhura akasema ataninyoosha mimi kwanza ndipo ainyooshe yenyewe. Wale wastaafu, Mungu ni mwema, walirudi baadaye na marafiki zao na milimani wakafika, kwa hiyo Glory hajarudi kuajiriwa. Ila funguo na rimoti siku hizi hazikai kwetu. Kwa amri ya Glory zinatundikwa dukani kwa Baba Zuhura, kwenye msumari, hadharani, kila anayenunua plagi anaziona, na safari ikiwepo mimi ndiye ninayekwenda kuziomba.

Na kila mara, hata kama duka limejaa wateja, Baba Zuhura huweka mikono yake juu ya kaunta na kuniuliza upya kwa upole ule ule, nami nimeapa mbele ya mke wangu kwamba nitajibu kila swali kama linavyoulizwa. Za kawaida au za umeme? Za umeme, Baba Zuhura. Betri zinatoka? Zinatoka. Nyepesi au nzito? Nzito mno, mtu mmoja hawezi. Hapo wateja wanakuwa wameshaanza kucheka, na yeye anaufuata msumari, anashusha funguo, lakini hanipi mpaka lile la mwisho.

"Unaondoka saa ngapi, Baba Glory?"

"Saa kumi na mbili asubuhi," namwambia. "Njoo unisaidie kufunga."